Kasi Haitoki Begani

Jumapili, saa nne usiku, hosteli

Najua nimepotea. Wiki mbili nzima sijaandika neno hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Nilikuwa na mitihani midogo, halafu nikawa na bega.

Ndiyo, bega. La kulia. Kwa siku tisa nimepiga mswaki kwa mkono wa kushoto, na mwenzangu wa chumbani ananicheka kila asubuhi. Mnaonifuata tangu mwaka wa kwanza mnajua kwamba mimi ndiye mrushaji wa timu yetu ya softiboli. Tena si mmoja wa warushaji, ni mrushaji peke yangu. Jumamosi ya jana tulikuwa na mechi tatu kwa siku moja, na kocha alipanga nirushe zote. Nilipomwambia bega linauma alinijibu jibu ambalo nimelisikia tangu nianze mchezo huu: mpira wa kurusha chini chini hauumizi mtu, wanaoumia ni wale wa besiboli wanaorusha juu.

Sasa mimi nasomea historia. Nikisikia jambo linarudiwa na kila mtu bila mtu kusema limetoka wapi, nawashwa. Basi Jumatano nikaacha insha ya ukoloni pale ilipo, nikaketi kwenye kompyuta za maktaba hadi wakatufukuza. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Kwanza, kwa msioujua mchezo. Softiboli ni ndugu wa besiboli. Mrushaji anasimama katikati, mpigaji anamngoja na gongo, na nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji. Mpira upite juu ya kibao chenye upana wa sentimita 43, kati ya goti na kifua cha mpigaji. Akikosa mara tatu, anatoka. Wasichana waliosoma shule za msingi hapa Kenya mtaelewa haraka nikisema ni raundasi iliyokwenda chuo kikuu. Na kama kwenye raundasi, mpira hurushwa kwa mkono unaopita chini, kando ya nyonga.

Kwa nini chini? Hapo ndipo historia inapoanza. Ilikuwa Novemba 1887, mjini Chicago, Marekani. Vijana walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa klabu moja ya mashua, Farragut Boat Club, wakingoja matokeo ya mechi ya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika na Yale kushinda, mmoja akamtupia mwenzake glavu ya ndondi, naye akaipiga kwa fimbo. George Hancock, aliyekuwa mwandishi wa habari, akaona mchezo. Akaifunga ile glavu kwa kamba zake ikawa kama mpira, akachora uwanja kwa chaki mle mle ukumbini, wakacheza. Yaani softiboli ilizaliwa kama besiboli ya ndani ya nyumba, kwa ajili ya majira ya baridi.

Ndani ya ukumbi huwezi kurusha mpira kama unataka kuua nyoka. Kwa hiyo mkono ulipita chini, na kazi ya mrushaji ilikuwa kumpa mpigaji kitu cha kupiga. Alikuwa kama mtumishi. Mchezo ukatoka nje, ukapewa majina mengi, mpaka mwaka 1926 Walter Hakanson wa YMCA ya Denver akapendekeza jina la softiboli. Mwaka 1933 yakafanyika mashindano makubwa Chicago wakati wa maonyesho ya dunia, na mwaka huohuo kikaundwa chama cha kuusimamia nchini Marekani. Kufikia hapo yule mtumishi alikuwa ameshaanza kuasi. Sheria ilisema tu mkono upite chini. Haikusema upite polepole.

Njia kubwa za kuasi zilikuwa mbili. Ya kwanza naiita ya manati: mkono unavutwa nyuma hadi juu, halafu unaachiwa mbele kwa ghafla, kama mpira wa manati (wengine mnaiita feya). Ya pili ni ya kinu cha upepo: mkono unazunguka duara zima, kuanzia mbele, juu ya kichwa, nyuma, hadi chini kwenye nyonga. Leo karibu kila mrushaji mkubwa anatumia kinu. Lakini aliyetikisa watu zaidi ya wote alitumia manati.

Jina lake ni Joan Joyce. Alizaliwa 1940 huko Waterbury, jimbo la Connecticut, na akachezea Raybestos Brakettes, timu ya kiwanda cha breki cha mji wa Stratford. Alianza na kinu akasumbuka na shabaha, mpaka mrushaji wa timu ya wanaume, John Baker, akamshauri ajaribu manati. Agosti 1961 alipambana na Ted Williams kwenye mechi ya hisani. Huyu Williams alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia akiwa na mipigo 521 ya kuvusha ukuta, na wengi humhesabu kuwa mpigaji bora kabisa aliyewahi kushika gongo la besiboli. Joyce alimrushia mpira baada ya mpira, na Williams akawa anakata hewa. Inasimuliwa kwamba mwishowe alitupa gongo chini akaondoka.

Mtu akisikia hadithi hiyo anadhani yule dada alikuwa na mkono wa chuma. Mimi pia nilidhani hivyo. Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga pushapu mpaka natetemeka nikiamini kasi inakaa kwenye msuli wa mkono. Kumbe mkono ni kituo cha mwisho tu cha safari ndefu.

Safari inaanza kwenye mguu. Mrushaji anasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, anaruka mbele hatua ndefu inayoweza kukaribia urefu wake mwenyewe. Halafu mguu wa mbele unatua na kukaza. Hapo ndipo siri ilipo. Mmewahi kupanda matatu, dereva akafunga breki ghafla? Gari linasimama, abiria wote wanakwenda mbele. Mguu wa mbele ndio breki. Mwili wa chini unasimama, nyonga zinazunguka, kiwiliwili kinafuata, halafu bega, kiwiko, na mwisho kifundo cha mkono kinachapa kama ncha ya mjeledi. Kila sehemu inapokea mwendo kutoka kwa jirani yake na kuuongeza. Mguu ukilegea, bega linajaribu kulipa deni lote peke yake. Nilipolisoma hilo nikakumbuka bega langu, nikanyamaza kidogo.

Ushahidi mwingine ni Lisa Fernandez. Akiwa msichana mdogo, kocha mmoja alimwambia hatafika mbali kwenye kurusha kwa sababu mikono yake ni mifupi. Huyohuyo akashinda medali za dhahabu za Olimpiki 1996, 2000 na 2004, na kule Sydney mwaka 2000 aliwatoa wapigaji 25 wa Australia kwenye mechi moja. Mechi yenyewe Marekani waliipoteza, lakini namba hiyo haikufutika. Sisemi urefu hausaidii. Monica Abbott, ambaye ana zaidi ya mita 1.9, alirusha maili 77 kwa saa mwezi Juni 2012, na rekodi hiyo ilikaa karibu miaka 13. Mwezi Machi 2025 Karlyn Pickens wa Chuo Kikuu cha Tennessee akafikisha maili 78.2, na Mei mwaka huohuo 79.4, yaani karibu kilomita 128 kwa saa. Kutoka umbali wa mita 13! Mpigaji hana hata nusu sekunde ya kufikiri.

Tena huo umbali wenyewe una historia. Vyuo vya Marekani vilikuwa vikirusha kutoka futi 40. Warushaji walitawala kiasi kwamba pointi zilikuwa haba, na mwaka 1988 wakasogezwa nyuma hadi futi 43, ambazo ndizo hizo mita 13.

Sasa tuje kwenye mzunguko. Kasi peke yake haitoshi, kwa sababu mpigaji mzuri akiona mpira wa kasi ileile mara tano, wa sita anaupiga hadi barabarani. Inabidi mpira ubadilishe njia. Wapenzi wa kandanda mmeona frikiki inayouzunguka ukuta kama ndizi. Ni jambo lilelile. Mwaka 1852 Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alieleza kwa majaribio kwamba kitu kinachozunguka hewani kinasukumwa upande mmoja, na mpaka leo tunaliita kwa jina lake. Mpira ukizunguka kuelekea mbele, unazama kabla ya kufika. Ukizunguka kinyumenyume, hewa inaushikilia.

Huo wa kinyumenyume ndio mpira maarufu wa softiboli, mpira wa kupaa. Wapigaji wataapa kwamba unaruka juu mbele ya macho yao. Hapa wanafizikia wanatuharibia utamu kidogo. Mpira wa kasi ya maili 60 kwa saa uko hewani kama sehemu nne za kumi za sekunde, na katika muda huo mvuto wa dunia peke yake ungeushusha sentimita 80 hivi. Mzunguko unapunguza ule mshuko, haufuti wote. Ila umeachiwa chini, karibu na nyonga, ukielekea juu, na haushuki kama jicho lilivyotarajia. Jicho linamaliza hesabu lenyewe na kusema: umepaa. Gongo linapita chini ya mpira, basi, umetoka. Sisi warushaji tunaishi kwa kosa hilo la jicho.

Mzunguko haujifunzwi kwa nguvu. Unajifunzwa karibu karibu. Mimi nilianza nikiwa nimepiga goti mita tatu kutoka ukutani, bila kuzungusha mkono, nikichapa kifundo tu. Nilifunga utepe mweusi kwenye mpira ili niuone unavyozunguka. Ukizunguka sawasawa, utepe unaonekana kama mstari mmoja uliotulia. Ukiyumba, unaona ukungu. Nilikaa na ukungu mwezi mzima.

Na shabaha? Shabaha ni mateso. Fanya hesabu na mimi: ukikosea mwelekeo kwa nyuzi moja tu, mpira unapofika mita 12 umeshahama kama sentimita 20. Kibao nimesema kina 43. Ukiuachia mapema kidogo unagonga udongo, ukichelewa kidogo unapita juu ya kofia ya mdakaji. Hakuna dawa nyingine ila kurudia mpaka mwili uache kukuuliza maswali. Hapo ndipo penye mtego, maana kurudia ndiko kunakojenga shabaha, na kurudia ndiko kunakomaliza bega.

Sasa nirudi kwa lile jibu la kocha, kwamba mpira wa chini hauumizi. Jibu hilo halikuwa lake. Limerithiwa kizazi kwa kizazi. Wavulana wa besiboli walihurumiwa mapema zaidi: Little League, ligi ya watoto ya Marekani, iliwawekea hesabu ya idadi ya mirusho kwa siku tangu mwaka 2007. Wasichana wa softiboli hawakuwekewa hesabu hiyo, kwa imani kwamba mkono wa chini ni wa asili. Lakini kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 watafiti waliwapiga picha za kasi warushaji 24, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba nguvu inayotaka kulichomoa bega ilikuwa wastani wa asilimia 80 ya uzito wa mwili. Kila mrusho! Mimi nina kilo 60. Ni kama mtu wa kilo 48 ananing'inia kwenye mkono wangu kwa kufumba na kufumbua, halafu anarudi tena, mara mia. Utafiti mwingine wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba msuli wa mbele ya mkono, bisepsi, unafanya kazi kubwa zaidi kwenye kinu kuliko kwenye kurusha juu. Na mimi naumwa wapi? Mbele ya bega, palepale msuli huo unaposhikilia.

Nikasoma pia habari za Yukiko Ueno wa Japani. Beijing, Agosti 2008. Siku moja alirusha mechi mbili, moja na Marekani na moja na Australia, na zote zikaingia muda wa nyongeza. Kesho yake akarusha fainali, Japani wakawafunga Marekani 3-1. Jumla mirusho 413 kwa siku mbili. Nilipokuwa mdogo kwenye mchezo huu, habari hiyo ndiyo iliyokuwa picha yangu ya ushujaa. Kila nilipochoka nilijiambia, Ueno alirusha 413.

Lakini hadithi ina sehemu ya pili ambayo hakuna aliyenisimulia. Softiboli iliondolewa Olimpiki 2012 na 2016, ikarudi Tokyo, mwaka 2021. Ueno alikuwa na miaka 39. Fainali ni ileile, Japani na Marekani. Safari hii, katikati ya mechi, alimpisha Miu Goto, binti wa miaka 20. Goto akarusha, akaokoa, kisha Ueno akarudi kumalizia. Japani 2, Marekani 0.

Hata Joyce mwenyewe hakuanza kwa kumshinda Ted Williams. Mwaka 1958, akiwa na miaka 18, aliitwa kwenye fainali ya taifa kumpokea Bertha Tickey aliyeumia, mrushaji mkubwa wa timu yao, na akawamaliza wapinzani bila kuruhusu hata pigo moja safi. Alikuwa mrushaji wa akiba. Kama timu ile ingekuwa na mrushaji mmoja kama sisi, hatungekuwa na hadithi ya kusimulia.

Alhamisi jioni nikamfuata kocha uwanjani.

"Mwalimu, naomba dakika tano."

"Sema, binti."

Nikamwambia yote. Asilimia 80, bisepsi, Ueno na Goto. Nikamwambia yuko msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa mrushaji wa raundasi shuleni kwao, ana mguu mzuri wa mbele, apewe mechi ya pili. Alinisikiliza huku akizungusha filimbi kidoleni. Mwisho akasema, "Tukipoteza, utawaeleza wenzako wewe." Nikasema sawa.

Basi, tumepoteza. Mechi ya kwanza nilirusha mimi, tukashinda 5-3. Ya pili akarusha mdogo wangu yule, tukafungwa 11-4. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akawapa watu sita nafasi ya kutembea bure. Ya tatu tuligawana, tukashinda 7-6, lakini hesabu ilikuwa imeshaharibika. Waliofuzu ni timu mbili, sisi tumekuwa wa tatu. Nahodha wetu yuko mwaka wa mwisho, hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Njia nzima ya kurudi aliangalia dirishani. Nilikwenda kumweleza kama nilivyoahidi, akaniambia, "Najua, una haki," na sauti yake haikuwa ya mtu anayesema una haki. Sijui kama nimefanya vizuri. Najua tu kwamba leo asubuhi nimeinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia.

Jioni hii nilisikia mpira unagonga ukuta nyuma ya jiko la hosteli. Pa, pa, pa. Nikashuka. Ni yeye, peke yake, na utepe mweusi kwenye mpira. Hakuniona. Nikaketi kwenye kreti ya soda nikaanza kumhesabia. Ilipofika sitini tangu niketi nikamwambia, inatosha, nenda kaoge.

"Dada, kumi tu zaidi."

Nikamwambia hapana, nikauchukua mpira nikapanda nao chumbani. Uko hapa mezani ninapoandika. Kesho saa mbili asubuhi nina somo na insha ya ukoloni bado haijafika hata ukurasa wa pili. Lala salama, wapendwa. Tutaonana bega likiruhusu.